Asante ya Karani Mshuku

Mmarekani anayesaka mababu zake huanza na sensa, kana kwamba serikali iliwahesabu watu kwa mapenzi. Sensa ya 1890 karibu yote ilipotea kufuatia moto wa 1921 mjini Washington. Zile za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri na jinsia, jina likiandikwa la bwana wao. Cheti cha ndoa nacho? Sheria haikuitambua ndoa ya mtumwa. Kilichowaokoa wajukuu wa watumwa ni ubahili wa serikali. Mjane wa askari mweusi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe alipodai pensheni, karani hakumwamini hata chembe: akataka wakunga, majirani, wenzake wa kikosini, pengine hata bwana wa zamani, waape nani alimwoa nani, wapi, na watoto walizaliwa lini.

Utasema njaa hufundisha uongo, na majalada hayo hayaaminiki. Wapo waliodanganya, sikatai. Lakini mwongo naye alihitaji mashahidi, nao walihitilafiana, na mkaguzi aliyetumwa kumnasa aliandika kila alichosikia, umbea wa kisimani ukiwemo. Yote hayo ili kuokoa dola 8 kwa mwezi.