Jinsi ya Kujenga Utando Bila Kuajiri Fundi

Kwanza, waage mafundi. Utando wa seli, wenye unene wa nanomita 4 hadi 5 hivi, hausubiri mkono wa mtu. Lipidi zikitiwa majini hujipanga zenyewe, na umbo la kila molekuli ndilo ramani ya jengo.

Chagua molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta unaoyakimbia. Kisha piga hesabu waliyoitoa Jacob Israelachvili, John Mitchell na Barry Ninham mwaka 1976: zidisha eneo la kichwa kwa urefu wa mkia, halafu gawanya ujazo wa mkia kwa jibu hilo. Ukipata chini ya theluthi moja, kichwa kimeushinda mkia kwa upana, na utaambulia vitufe. Vitufe hivyo ndivyo vya sabuni. Theluthi hadi nusu ni vijiti. Nusu hadi moja, hongera: tabaka mbili, mikia ikielekeana, zinazoweza kujifunga zikawa vifuko. Ukizidi moja, jengo linapinduka na maji yanabaki ndani, yamezungukwa na vichwa.

Vitufe havikupendezi? Tia chumvi. Vichwa vyenye chaji hupunguza kusukumana, kila kimoja kinadai nafasi ndogo, na vitufe vinarefuka kuwa vijiti vinavyosokotana. Shampuu nyingi huwa nzito kwa njia hiyo.

Ila sabuni peke yake haitakupa utando, maana mkia mmoja haujazi nafasi iliyo chini ya kichwa chake. Chukua lesithini, lipidi ya kiini cha yai. Ina mikia miwili, inakaribia umbo la mcheduara, na hulala bega kwa bega bila kupinda sana.

Unataka kubomoa? Mwite nyuki. Sumu yake, sawa na ya nyoka wengi, ina kimeng'enya cha fosfolipasi A2, kinachokata mkia mmoja wa lesithini. Inayobaki ina umbo la pia, pana kichwani. Pia hizo zikijaa kwenye utando wa chembe nyekundu ya damu, chembe hupasuka. Mkia mmoja tu umeondoka! Sijui somo la kemia linalonistaajabisha kuliko hili.

Mwalimu wa kemia unayesoma haya, iandike hesabu hiyo ubaoni. Haihitaji maabara, ni kuzidisha na kugawanya tu, na wanafunzi wako wanaiweza.