Mpango Kazi Hoyee!

Itifaki ikiwa imezingatiwa, naomba nimsifu kiumbe ambaye hajawahi kumkosea mtu, hajawahi kuchelewa kikao wala kukopa bando la mwenzake: mpango kazi wa mradi wa kundi. Namkusudia hasa yule aliyezaliwa tulipokuwa mwaka wa tatu wa kompyuta chuoni, idara ilipotuagiza tutengeneze mchezo wa ubaoni wa kuchezwa mtandaoni na watu walio mbalimbali, nasi tukachagua bao.

Sifa zake ndogo nizipitie haraka. Ni msafi. Anapendeza akichapwa kwa rangi pale stesheneri, ingawa bei ya rangi inashinda ya wali maharage. Akitumwa kwenye kundi la WhatsApp hupata dole gumba kutoka kwa watu ambao hamjawahi kusikia sauti zao. Ana subira pia. Kazi isipofanyika Ijumaa anasogea taratibu hadi Ijumaa nyingine, wala hamuulizi mtu alikuwa wapi.

Lakini sifa yake kuu ni haki, na hapo naomba nipewe muda wa kutosha.

Sheria ina mianya yake, na hata foleni ya maji hosteli ina wenyewe. Ndani ya mpango kazi hakuna mdogo. Tulikuwa saba, na kila mmoja alipata mstari wake wa rangi, mnene sawasawa na wa mwenzake, umelala juu ya kalenda kama mtu aliyeshiba. Buluu alifanya utafiti wa watumiaji kwa wiki tatu mfululizo. Watumiaji hao hawajulikani walipo, na yeye vilevile. Kijani alisimamia ubora. Kuuliza ubora wa nini hakukuwa uungwana, maana kitu chenyewe kilikuwa hakijawepo. Njano alichora nembo. Zambarau alikuwa njiani, na kwa taarifa nilizo nazo bado yuko njiani. Mimi nilikuwa Kijivu, mtu wa seva. Dada mmoja mpole, asiyesema sana vikaoni, alikuwa Nyekundu, naye alipewa kanuni za mchezo. Juu ya wote ulipita mstari mweusi toka wiki ya kwanza hadi ya mwisho, ulioandikwa «Uongozi». Huo ulikuwa wa mwenyekiti.

Ni nani mwingine angeweza kutuweka pamoja namna hiyo? Kimbweta chetu cha kusomea hakijawahi kuona zaidi ya watu wanne kwa mpigo, na wa nne alikuwa anapita tu kuelekea kantini. Kwenye mpango kazi tulitimia wote saba, hata wiki ile ambayo bumu la mkopo lilitoka.

Mchoro wenyewe wa mistari una asili ya haki hiyohiyo. Unaitwa kwa jina la Henry Gantt, mhandisi wa Marekani aliyeutangaza miaka ya 1910. Mpolandi Karol Adamiecki alikuwa ameshabuni wa kwake wa aina hiyo mwaka 1896, ila yeye aliandika kwa Kipolandi na Kirusi, na waliokuwa wakigawa sifa hawakusoma lugha hizo. Kazi ya huyu, jina la yule. Kwa hiyo mchoro ulikuwa mradi wa kundi kabla hata sisi hatujazaliwa.

Tulikuwa pia na maandiko ya kutuunga mkono. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba theluthi moja ya muda iende kwenye kupanga, sehemu moja tu kati ya sita kwenye kuandika programu, na nusu nzima inayobaki kwenye majaribio. Mwenyekiti alikipenda sana kitabu hicho, hasa ile theluthi. Kupanga kukapewa theluthi yake, kisha kukaazima ile nusu ya majaribio, na mpaka leo haijarudishwa.

Katika kilichobaki, nembo ilipata wiki mbili na kanuni za bao zikapata siku mbili. Nyekundu aliponyanyua mkono, mwenyekiti akamwambia, «Dada yangu, si bao tu? Wazee wanacheza barazani bila hata kalamu.»

Bao tu! Basi sikiliza. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji anaanza akiwa na kete 22 mkononi, na sehemu ya kwanza ya mchezo, namua, ina taratibu zake: unaingiza kete moja moja, na ukiweza kula ni lazima ule. Kete za mkononi zikiisha mnaingia mtaji, na taratibu zinageuka. Halafu kuna nyumba, lile shimo la mraba. Ukiwa unasambaza ulichokula na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani kwako pasipo cha kula, una hiari ya kulala, ukakomea hapo, au kusafiri, ukaendelea kusambaza. Yaani katikati ya hatua moja programu lazima isimame, imuulize mtu aliye Tandahimba anataka nini, imsubiri, huku mwenzake aliye Muscat akitazama kete zilizoganda na kudhani simu yake imekwama. Siku mbili! Na waliowahi kuuweka mchezo huu kwenye kompyuta kwa utafiti wameonyesha kuwa zipo hatua zinazoweza kuzunguka ubao bila kukoma, kwa hiyo seva inatakiwa ihesabu mizunguko na mahali fulani ikate. Vikao vyetu havikuwa na kifaa hicho.

Upande wangu nao ulikuwa na mambo yake. Simu ya mchezaji haiaminiki: ikidai imekula kete kumi na mbili, seva haina budi kuhesabu yenyewe upya, maana atatokea kijana mjanja ambaye simu yake itakula hadi ubao. Na anayeelekea kufungwa hupenda kuzima data kisha akasingizia mtandao. Seva itajuaje kama hili ni bando lililoisha au ni hila? Utampa dakika ngapi za kurudi, na akirudi utamwonyesha ubao upi? Maswali hayo mimi na Nyekundu tuliyajadili usiku, maktaba ikishafungwa, kwa umeme wa korido. Asubuhi simu zetu zilikuwa na ujumbe mmoja kutoka kwa mwenyekiti: «Wapendwa, naomba kila mtu ajaze asilimia zake.» Buluu alijaza 80. Kijani 80. Zambarau, akiwa njiani, 85. Nyekundu, aliyekuwa ameandika karibu kila kitu kinachosogeza kete, alijaza 40, kwa sababu ni mtu mkweli na alijua kilichobaki. Mwenyekiti akamwandikia mbele ya wote kwamba anaturudisha nyuma.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Nilikuwa nasema mpango kazi ana haki, na haki hiyo isingefika popote bila mlezi. Mlezi wake ni idara. Idara ndiyo iliyoamua kwamba andiko la mradi, lenye mpango kazi ndani yake, libebe alama nyingi kuliko mchezo wenyewe, na kwamba alama za kundi ziwe moja kwa wote. Tunaambiwa lengo ni kutufundisha ushirikiano. Mimi hesabu yangu ni nyingine. Darasa la watu 200 likigawanywa makundi ya watu saba saba, mhadhiri anasahihisha maandiko yasiyofika 30, na andiko linasahihishwa hata kitandani. Msimbo haukubali hivyo. Inabidi uufungue, uuendeshe, umwite aliyesema ameuandika umuulize mstari huu unafanya nini. Hapo ndipo Buluu angepotea mbele ya watu, na kupotea kwake kungehitaji kuandikiwa ripoti.

Siku ya kuwasilisha tulifika wote saba, tumevaa suti, na ndiyo mara ya kwanza nilimjua Zambarau kwa sura. Mwenyekiti alizungumza karibu muda wote. Mchezo ukafanya kazi: kete zikatembea, mchezaji akakatwa mtandao kwa makusudi, akarudi akakuta ubao wake kama alivyouacha. Nyekundu akaanza kueleza jinsi seva inavyosubiri jibu la kulala au kusafiri. Jopo likamwambia muda umekwisha. Swali pekee lililoulizwa lilikuwa ni nani aliyechora chati ile nzuri, kwani wangependa kuwapa wanafunzi wa mwaka unaofuata kama mfano. Wenzangu watano wakanyanyua mikono.

Tulipata alama nzuri, na tulipata sawa. Zambarau alizishukuru kwa dole gumba.

Baadaye nilimfuata mhadhiri mmoja muungwana, nikamuuliza kwa nini kila mwanafunzi asihojiwe dakika tano peke yake, mbele ya kompyuta, kuhusu kazi iliyoandikwa jina lake. Alinisikiliza vizuri. Akaniambia wazo hilo si geni, limeshaundiwa kamati, na kamati imeshapitisha mpango kazi. Utekelezaji unasubiri akidi.