Mninga ni Mzima, Koti Limechakaa: Hatua Saba za Kuokoa Sakafu

Sakafu za mbao si nyingi Mbinga. Saruji na vigae vimetawala. Basi mwenye mbao za mninga sebuleni ana hazina, na vanishi ikianza kubanduka, usingizi unakata. Tulia. Mara nyingi mti ni mzima, kilichochakaa ni koti. Tuhesabu toka saba hadi moja, wa mlimani Mbinga na wa ziwani Mbamba Bay pamoja, na utani ruksa.

7. Uliza maji
Dondosha tone moja. Likisimama kama shanga, vanishi bado iko zamu. Likinywewa na mbao ikakoza rangi, mlinzi ameshaondoka. Mkwaruzo mweupe unaopotea ukiulowesha haujavuka vanishi. Tone hilo litamaliza ubishi wa mafundi watatu.

6. Vua nta
Ile polishi inayong'arisha saruji ya bibi ni adui hapa. Vanishi ya poliyurethani haishiki juu ya nta. Itabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Anza na maji ya sabuni kidogo, kisha pangusa kwa tapentaini, ukibadilisha kitambaa mpaka kitoke kisafi. Bibi tunampenda, polishi yake ibaki kwenye saruji yake.

5. Msasa kwa adabu
Kama vanishi imechubuka juujuu, msasa namba 180 au 220 unatosha kuondoa mng'ao ili tabaka jipya lipate pa kushika. Palipoliwa hadi kwenye mbao, anza na 80, kisha panda hadi 120. Fuata nyuzi za mti. Ukikata mshazari, kila mkwaruzo utajitangaza jioni jua likiingia dirishani. Vaa barakoa, maana vumbi la mninga hukera pua na kifua.

4. Ubao mzima au acha
Kiraka katikati ya ubao ni kama kaniki kwenye kanzu: mgeni huanza kukiona hicho. Paka ubao mzima, toka ungio hadi ungio, ili mwisho wa vanishi mpya ujifiche kwenye mstari. Eneo kubwa likiwa limechakaa, usihangaike na viraka. Kifanye chumba kizima.

3. Vumbi halina kabila
Wa ziwani wakisema vumbi jekundu la Mbinga lina miguu, wa mlimani wajibu kwamba mchanga wa Mbamba Bay una mabawa. Wote wamesema kweli. Fagio likae pembeni, hulirusha vumbi hewani. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha pakauke. Funga dirisha la barabarani, fungua la uani harufu itoke.

2. Jembamba, mara tatu
Koroga kopo polepole. Ukilitikisa kama chupa ya dawa, viputo vitahamia sakafuni. Paka tabaka jembamba, likikauka pitisha msasa 220, pangusa, rudia. Ndivyo Wamatengo wa huku mlimani walivyoshika udongo wa miteremko mikali kwa kilimo cha ngolo: nyasi chini, udongo juu, shimo baada ya shimo. Hakuna aliyelima mlima kwa pigo moja la jembe.
Na vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta usivirundike. Hujipasha joto vyenyewe hadi kushika moto. Vitandaze nje vikauke.

1. Subira ya kahawa
Vanishi ya maji hukauka kwa saa chache. Ya mafuta hudai kama siku nzima kati ya tabaka na tabaka. Lakini kukauka si kukomaa. Ya mafuta hutaka kama mwezi mmoja kabla ya kufunikwa zulia. Unyevu na baridi huongeza siku, basi mvua za Machi na alfajiri za Julai huku mlimani zihesabu mapema.

Hapa hakuna wa kufundishwa. Wa Mbinga anajua kahawa iliyowahishwa guniani huota ukungu. Wa Liuli anajua usipa ulioanuliwa mbichi huoza. Mikono iliyokausha hivyo viwili itashindwaje na vanishi? Viatu vibaki nje, sofa lilale kwa jirani. Mninga ulikaa porini miongo mingi ukikua kabla ya kuja kwako. Mwezi mmoja wa kuusubiri ni heshima ndogo sana.