Vitambaa vya Bure

Anayekwambia mto wa viraka haugharimu kitu kwa sababu vitambaa ni mabaki, muulize uzi anaupata wapi. Muulize na sindano, na zipu, na sufi ya kujazia. Muulize hasa mkasi. Mkasi wa nyumbani kwangu unakata kila kitu isipokuwa kitambaa: mapezi ya samaki, pakiti za maziwa, matawi ya michongoma. Ukiuwekea khanga unaitafuna tu. Kwa hiyo mradi wangu wa bure ulianza kwa kununua mkasi, na mkasi huo nimeufungia kabatini pamoja na hati ya kiwanja.

Mabaki yenyewe yako kwa fundi. Kila fundi wa mtaani ana kiroba chini ya cherehani, na humo ndimo zinamoishia siri za mtaa mzima. Nikaruhusiwa kuchambua. Nikachambua, nikakutana na kitenge changu cha bluu, kile ambacho fundi huyohuyo aliniapia kwamba yadi nilizoleta hazikutosha kilemba. Kilemba kilikuwemo. Na gauni la mtoto lingetoka vilevile.

"Fundi, hiki nini?"

"Aa, mama, hayo mabaki tu. Chukua, nakupa bure."

Nimepewa bure kitambaa changu mwenyewe, na mdomo wangu ukasema ahsante.

Nikamwomba basi anishonee huo mto. Akavitazama vile vipande, akanitazama mimi, akashusha sauti wateja wengine wasisikie: "Mama, kwani nyumbani kuna tatizo?" Maana kwetu kiraka mahali pake ni gotini, kwenye suruali ya shule, na anayekivaa anajulikana mwezi umemwelemea. Ukisema unaunga viraka kwa kupenda mwenyewe, watu wanaanza kukuulizia kwa mume wako kama unalala vizuri.

Na wanaosema hivyo wamejifunga khanga! Khanga yenyewe, kwa simulizi ya Pwani, ilianza kwa kuungaunga. Karne ya 19 wanawake wa Unguja walinunua leso za rangi zikiwa bado zimeshikana kwenye jora, wakakata sita, wakazigawa tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu zikawa nguo moja. Wenye maduka waliponusa faida ndipo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kuchapwa. Vazi la heshima la mwambao mzima limetoka kwenye sindano ya mkono, halafu fundi ananiuliza kama nyumbani kuna tatizo.

Nikashona mwenyewe, kwa mkono. Nilikata kadibodi ya boksi la sabuni, mraba wa sentimita 12, nikachora kwa chaki nyuma ya kila kitambaa. Mto wa sentimita 40 unataka viraka 16, vinne kwa vinne, kila kimoja kikibaki na sentimita 10 baada ya mshono kula sentimita 1 kila upande. Kwenye daftari ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Mapajani, usiku, chini ya taa inayopepesa, ni habari nyingine. Kila kiraka kikizidi milimita 2 tu, ukifika cha nne safu imeshatoka nje karibu sentimita nzima, na zile pembe nne zinazotakiwa kukutana zinasalimiana kwa mbali. Unapiga bandi kwanza, unapitisha pasi, ndipo unashona kwa kurudi nyuma: sindano inatokeza mbele, inarudi hatua, inatokeza tena mbele zaidi. Mshono huo haufumuki kirahisi, jambo utakalolijua vizuri siku unataka kuufumua.

Kutunga uzi nawaachia watoto, wenye macho. Ila mtoto akiwa na simu mkononi hatungi uzi mpaka umwahidi bando. Kastabini nayo nimeitafuta Kariakoo. Kijana wa dukani alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akanielekeza ghorofa ya vifaa vya simu. Nimebaki kusukuma sindano kwa kidole kitupu, na vitobo vya kidole hicho sasa vinatosha kofia ya viua.

Yote hayo ni nafuu mbele ya sare. Nani alituroga na sare? Harusi sare, kicheni pati sare, hitima sare, na kila moja unaivaa mara moja tu, kwa sababu ukiirudia utaulizwa kama wewe bado hujatoka kwenye ile shughuli. Kabati langu limejaa satini isiyofaa kulalia, isiyofaa kupikia, na hata kudekia haifai kwa kuwa hainywi maji. Nikasema nayo itoe mchango wake. Satini haina haya: unaishika huku inateleza kule, ukiikata inaanza kujivua nyuzi yenyewe. Nikaibembeleza, nikaweka kiraka cha zambarau katikati.

Jirani akaja kuazima kinu, akaona, uso ukambadilika. "Hiyo si sare ya harusi ya binti yangu?"

Ndiyo.

"Umeikata?"

Nimeikata. Ndoa yenyewe ilivunjika kabla sijamaliza kulipa mchango, lakini hilo husemi mbele ya mama mtu. Kinu alikichukua hivyohivyo akiwa amenuna, na mpaka leo hakijarudi.

Kujaza nako ni kazi. Wapo wanaojaza vipande vya sponji ya godoro, mto ukaota matuta. Mimi nilichukua sufi, ile ya msufi, na mbegu zake humohumo. Kuchambua mbegu si shida, shida ni kupumua. Chafya moja tu, nusu ya mto imehamia kwenye mapazia na nusu kwenye chai ya mume wangu. Zamani sufi hii ilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea watu majini, kwa kuwa inaelea. Vizuri sana. Mwaka ambao masika yataleta maji mpaka sebuleni, mto utaokoka, sisi wengine hatujui.

Basi akaja wifi yangu.

Hapa inabidi nieleze jambo la khanga. Khanga ina maneno yake chini ya mji, ile sehemu yake ya katikati, na kiraka cha sentimita 12 hakibebi msemo mzima. Niliyoikata ilikuwa imeandikwa HASIDI HANA SABABU, na kiraka kilichotoka na wekundu mzuri kuliko vyote ndicho kilichobaki na HASIDI. Mimi nilifuata rangi. Wifi hakufuata rangi. Alikaribishwa kwenye kochi kubwa, akapewa mto mpya auegemee kwa heshima zote, naye ni mtu wa kusoma kila kitu, hata maandishi ya chini ya sahani.

"Wifi," akasema, bila kuugusa kwa mgongo, "huu ujumbe umepangwa nikae mimi?"

Nikaapa. Nikamweleza habari ya kadibodi, ya sentimita, ya mabaki. Alivyokuwa bado ananitazama, nikakimbia chumbani nikaleta kipande kilichobaki cha khanga ileile, chenye SABABU, ili ajionee kwamba ni nguo moja tu iliyokatwakatwa.

Akakisoma nacho. Akakiweka juu ya meza taratibu.

"Kumbe na sababu unazo."

Chai hakumaliza. Jioni hiyohiyo mume wangu alipigiwa simu na mama yake, akatoka kwenda kuongelea nje, na aliporudi alikuwa na sufi kwenye nyusi na hana la kuchangia. Kikao ni Jumapili, kwa mama mkwe. Wajomba wameitwa. Nami nimeagizwa nifike mapema, na mto nije nao kama kielelezo.