Namna ya Kuhesabu Msitu Usioonekana

Ukitaka kuwa mhasibu wa gesijoto za taifa, au walau kumkagua aliyepewa kazi hiyo, anza kwa kujizoeza kuona msitu mahali pasipo na mti hata mmoja. Kanuni zinaruhusu. Shamba la miti likivunwa lote leo huko Mufindi, Tanzania, pakabaki visiki na vumbi, vitabuni litaendelea kuitwa msitu mradi mwenye shamba ana mpango wa kupanda tena.

Ukishazoea hilo, jifunze kuona msitu kwenye miti ya kuhesabika. Kwa tafsiri ambayo Tanzania imeitumia katika hesabu zake za kimataifa, nusu hekta yenye miti ya kufikia mita 3, ambayo matawi yake yanafunika asilimia 10 ya ardhi, ni msitu kamili. Usicheke upesi. Miombo mingi ya kwetu ina nafasi kubwa kati ya mti na mti, na kigezo kikali kingeifuta kabisa vitabuni, kana kwamba haifai kulindwa. Tatizo linakuja na mkaa. Msitu uliofunikwa kwa asilimia 60 unaweza kukatwa mti huu leo na ule kesho, ukashuka hadi asilimia 15, na bado usiandikwe kuwa umefyekwa. Uharibifu wa namna hiyo unahitaji safu yake kwenye hesabu. Kiwango cha marejeo, yaani kipimo cha kulinganishia gesijoto za misitu, ambacho Tanzania ilikipeleka Umoja wa Mataifa kilihesabu ufyekaji peke yake.

Sasa shika tepe. Shina hupimwa kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Kipenyo kinaingizwa kwenye fomula ya aina ya miti, unapata uzito wa mti mkavu. Takriban asilimia 47 ya uzito huo ni kaboni, na kaboni ukiizidisha kwa 3.67 unapata hewa ukaa ambayo mti huo ungeitoa ukichomwa au ukioza. Ukitaka ya nchi nzima, rudia kazi hiyo kwenye viwanja zaidi ya 30,000. Ndivyo walivyofanya watu wa NAFORMA, tathmini ya misitu ya Tanzania Bara ambayo matokeo yake yalitoka mwaka 2015 yakaonyesha hekta milioni 48.1 za misitu. Walipita porini, wakavuka mito, wakapima. Nawaheshimu kuliko ninavyoweza kueleza hapa, kwa sababu bila wao tungekuwa tunakisia tu.

Lakini hata kazi nzuri haimalizi maswali. Tathmini hiyo ilitaja upotevu wa hekta 372,000 na zaidi kwa mwaka. Kiwango cha marejeo, kilichotumia ramani za 2002 hadi 2013, kikataja hekta 469,000. Tofauti yake inakaribia hekta 100,000 kila mwaka, na hakuna aliyedanganya: vipindi ni tofauti na njia za kusoma ramani ni tofauti. Kwa hiyo mkaguzi mwema akisikia waziri yeyote anataja takwimu moja jukwaani, anyanyue mkono aulize ni ya kipindi gani na imepimwaje.

Sasa jifunze kuchagua kasi ambayo miti inakua, maana hapo ndipo nchi zinapotajirika kwa kalamu. Mwaka 2021 gazeti la Washington Post lilipitia ripoti za nchi 196 na kukuta kuwa Malaysia imeandika kwamba misitu yake inafyonza hewa ukaa mara nne zaidi ya misitu inayofanana nayo nchi jirani ya Indonesia. Mvua ni ileile na jua ni lilelile. Kwa hesabu hiyo Malaysia iliondoa karibu robo tatu ya gesijoto zake za mwaka 2016 bila kuzima kiwanda hata kimoja. Naliita jambo hilo kwa jina lake: ni kujipunja wenyewe na kuwapunja wengine, kwa sababu anga halisomi ripoti.

Kanada imechukua njia nyingine, na hii iko wazi kabisa kwenye kanuni. Nchi huhesabu ardhi inayoisimamia. Moto mkubwa wa porini ukipita humo, Kanada huuweka kando kama janga la asili, usiingie kwenye jumla kuu. Msitu ukishaota tena na kukomaa, unarudi kwenye hesabu na kuanza kuandikiwa sifa za kufyonza. Mwaka 2023 nchi hiyo iliunguliwa misitu ya zaidi ya hekta milioni 14. Moshi wake ulifika New York.

Yote haya ni ya juu ya ardhi. Mkaguzi anayestahili jina hilo huenda chini, kwenye mboji ya kinamasi, na hapa nakusihi ukae nami kidogo, maana hapa pia hesabu za dunia huvuja.

Majani na mizizi inayoanguka kwenye maji yaliyotuama haiozi ikaisha. Inajilundika ikawa mboji. Katikati ya bonde la Mto Kongo mabaki hayo yamekuwa yakijilundika kwa zaidi ya miaka 10,000. Mwaka 2017 timu ya watafiti Greta Dargie, Simon Lewis na Mkongo Suspense Ifo ilichapisha kipimo cha kwanza kamili: kilomita za mraba 145,500, kaboni tani bilioni 30 hivi. Sehemu kubwa iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyobaki iko Kongo-Brazzaville. Watu wa huko walikijua kinamasi chao siku zote kwa samaki wake. Ulimwengu ndio uliokuwa haujaandika kilichomo.

Mboji iliyolowa haisumbui vitabu. Chimba mfereji, maji yashuke, hewa iingie, na papo hapo inaanza kuoza. Kigezo cha kimataifa cha mwaka 2013 kwa michikichi iliyopandwa juu ya mboji iliyokaushwa ni tani 11 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, sawa na tani 40 za hewa ukaa, na hali hiyo inaendelea miaka na miaka baada ya mfereji kuchimbwa. Indonesia inalijua hili. Mradi wa mpunga ulioanzishwa Kalimantan ya Kati katikati ya miaka ya 1990 ulilenga hekta milioni moja. Mpunga ulishindwa, mifereji ikabaki, na mboji ikaungua mwaka baada ya mwaka. Mhasibu akiandika ukuaji wa michikichi na kuacha kinachooza chini yake, amefanya kama mwenye duka anayeandika mauzo na kuficha daftari la madeni.

Karibu nasi, Rwanda inachoma mboji kuzalisha umeme, na kanuni zinataka moshi huo uandikwe chini ya nishati. Asiyejua atatafuta kwenye jedwali la ardhi na kudhani haupo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilinadi vitalu vya mafuta mwaka 2022, baadhi vikiwa juu ya mboji yenyewe, ikafuta mnada mwaka 2024, kisha ikafungua vitalu vingine mwaka uliofuata. Kisima cha mafuta hakiji peke yake. Kinakuja na barabara, na barabara hukata njia ya maji.

Chini ya Mkataba wa Paris, nchi nyingi zilitakiwa kupeleka ripoti za kwanza za uwazi kufikia Desemba 31, 2024, na ripoti hizo zinasomwa na yeyote. Mbunge, mwandishi wa habari, mwalimu wa jiografia: fungua ya nchi yako, nenda kwenye jedwali la ardhi, tafuta mstari wa mboji. Ukiukuta mtupu, waandikie wahusika uulize kwa nini, na usikubali kujibiwa kwa picha ya miti.