Bosi kwa Buku Moja: Mwongozo wa Bakshishi kwa Mlaji wa Nanyamba

Unataka utoke mgahawani ukiitwa bosi, na mfuko usitikisike. Hakuna aibu hapo. Kila anayevuta kiti akaagiza wali samaki hupenda aonekane ana kitu. Tamaa hiyo usiipige vita, ielekeze tu, na dada aliyekuletea sahani atafaidi pamoja nawe. Fuata hatua hizi saba.

1. Sahau asilimia

Asilimia ni hesabu ya Wamarekani. Kule mteja huacha 15 hadi 20 kwa mia kwa sababu sheria yao ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepewa bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1991. Kinachobaki anategemea kukipata mezani. Nanyamba bei uliyotajiwa ndiyo bei, na ukiondoka bila kuacha kitu hakuna atakayekufuata mlangoni. Kwa hiyo weka kikokotoo chini, kariri viwango vitatu. Jero, yaani mia tano, ukila peke yako. Buku, yaani elfu moja, mkiwa wawili, au ukikalia kiti saa nzima ukisubiri gari la Tandahimba. Elfu mbili mkiwa kundi, mkamtuma ndimu, pilipili, maji, kisha ndimu tena.

2. Vunja noti kabla ya kula

Ubosi unaanzia kwenye chenji. Mwenye msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi yenye tembo, mfukoni hana kitu kwa wakati huo: tembo mzima hawezi kumtoa, na kuomba arudishiwe elfu tisa kwa mtu aliyetaka kumpa moja ni fedheha. Basi huishia kuondoka huku kaikodolea simu macho. Wewe pitia dukani kwanza, nunua kiberiti, vunja noti. Zile za elfu moja, zenye picha ya Mwalimu, ziweke mfuko wa kushoto pamoja na sarafu za mia tano. Simba na vifaru wa noti kubwa wakae kulia, hao ni wako. Mkono ukiingia kushoto utoke na noti moja, haraka, bila kupekua. Mtu anayepekua anaonekana anahesabu, na anayehesabu haitwi bosi.

3. Mpe mkononi, mpe yeye

Hela iliyopita kwa mwenye mgahawa huwa mauzo. Hela iliyoachwa chini ya sahani ni ya atakayewahi kukaa baada yako. Mpe aliyekuhudumia, mkono wa kulia, umwambie: "Asante dada, ya soda hiyo." Kisha nenda. Usihutubie, wala usisubiri ashukuru mara ya pili. Kama samaki alikaangwa vizuri, ongeza jero useme, "Hii ya jikoni." Aliyekaa na moshi tangu alfajiri huwa hafikiwi na mteja, na habari kwamba umemkumbuka itakutangulia utakaporudi.

Sasa ona unachonunua. Amri ya mishahara ya 2013 iliweka kima cha chini cha shilingi 130,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za kulala wageni na baa. Igawe kwa siku 26 za kazi, unapata 5,000 kwa siku. Viwango vimepandishwa tangu hapo, lakini kwa mama lishe wengi malipo ni ya siku, ya makubaliano ya mdomo, na amri za serikali hazifiki kwenye sufuria. Kwa hesabu ile, buku yako ni sehemu ya tano ya siku nzima ya kusimama. Niambie duka jingine linalouza heshima ya kiasi hicho kwa bei hiyo.

4. Toa wakati wengine wamenyamaza

Huu ndio mkato mkubwa kuliko yote, na wenye haraka hawauoni. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yakaingia benki, kila meza ina bosi. Elfu tano yako ya Novemba inamezwa na kelele. Ngoja Machi. Hela ya korosho imeshakwenda kwenye bati, ada na madeni, mvua inanyesha, meza ziko tupu, na mhudumu anafukuza nzi. Toa buku hapo. Itakumbukwa hadi msimu mwingine, na utakapoingia Oktoba katikati ya msongamano, sahani yako itafika kabla ya ya mwenye elfu tano. Umelipa kidogo, umepata zaidi, na mhudumu amepata hela siku aliyoihitaji kweli.

5. Usijifiche nyuma ya simu

Lipa Namba ni ya mwenye mgahawa. Ukilipa bili kwa simu na kuongeza elfu moja juu, umemwongezea tajiri. Bili ilipe kwa simu, ya mhudumu itoke mfuko wa kushoto. Na usimwombe namba yake eti umrushie. Binti anayehudumia meza kumi anaijua njia hiyo kuliko wewe. Buku imelipia mwendo wake kati ya jiko na meza yako, basi. Haijanunua tabasamu, jina la mtaa anaokaa, wala saa anayotoka kazini. Ukidai chochote zaidi ya hapo umeshashuka ubosi, na mgahawa mzima umekuona ukishuka.

6. Ukiwa huna, ishiwa kwa adabu

Siku ya ukata ipo kwa kila mtu. Usikimbie, na usiseme "Nitakuona kesho": mji wetu ni mdogo, ahadi hiyo utakutana nayo sokoni, stendi na msibani. Kusanya sahani zako, zipange, mifupa juu ya moja. Mshukuru kwa jina ukilijua. Kisha mgeukie mwenye mgahawa, sauti isikike: "Huyu dada anahudumia vizuri, ndiye anayenirudisha hapa." Siku mwenye mgahawa atakapofikiria kupunguza watu, neno la mteja litasimama upande wa dada. Haijakugharimu hata senti.

7. Mkiwa kundi, toa wa kwanza

Umeona kwenye ngoma za unyago: mmoja akiingia uwanjani kutunza, waliokaa wanaanza kujipapasa mifuko. Mezani ni vilevile. Mkiwa watano, usingoje kila mtu amtazame mwenzake mpaka dada amalize kuifuta meza. Toa buku yako mapema, wazi, wenzako wakiona. Hakuna mwanamume atakayekubali kuonekana mdogo mbele ya rafiki zake kwa ajili ya buku. Wa pili atatoa, wa tatu atatoa mbili ili akuzidi. Mwache akuzidi, usimjibu; wawili waliobaki watatoa buku buku. Wewe umetoa elfu moja, dada anaondoka na sita, zaidi ya mshahara wa siku kwa hesabu ya amri ile, na kila mmoja wenu anatoka pale akiamini bosi alikuwa yeye.