Sebene ya Kesho

Kijana aliyenijazia flashi pale Kongowea hakukosea hata chembe, na hilo ndilo linaloniudhi. Nilimwambia nataka bendi za zamani, za miaka ya sabini, za Kifaransa, zenye nyimbo ndefu. Kwetu Mwakirunge mtu akisema hivyo, hata mtoto anaelewa: Les Mangelepa, Super Mazembe, Franco na jeshi lake. Kweli, wale wanaimba zaidi Kilingala, lakini wazee wetu kila kitu cha Kongo wanakiita Kifaransa na hakuna Mkongo aliyewahi kuja kulalamika. Kijana, ambaye alizaliwa akakuta muziki umeshahamia kwenye simu, akaandika maneno yangu kama yalivyotoka. Akapata bendi za zamani, za miaka ya sabini, za Kifaransa, zenye nyimbo ndefu. Zote za Québec, kule Kanada kwenye theluji.

Ningekuwa nimejinunulia mwenyewe, hasara ingeishia kwangu. Lakini flashi ilikuwa zawadi ya baba mkwe, mwenye mangwe. Watu wa mjini wakisikia Mwakirunge wanakumbuka jaa la taka na malori yanayopita na nzi wake. Sisi tungependa tukumbukwe kwa mnazi. Mangweni kwa mkwe kuna mabenchi chini ya mwembe, kuna vibuyu na mirija, na kuna sabufa moja yenye tarakimu nyekundu zinazohesabu dakika za wimbo. Wateja ni wazee waliocheza Mombasa enzi za bendi, na bado wanabishana nani alimpita nani kwa viatu.

Mkwe akaichomeka flashi kwa heshima zote. Tukasikia mawimbi ya bahari.

“Hiyo ni Shanzu?” akauliza mzee mmoja.

Ikaingia filimbi. Ikafuata gitaa la taratibu, kisha sauti za fidla zinazotoka kwenye kinanda kiitwacho mellotron, ambacho kila kidude chake ukikibonyeza kinazungusha mkanda uliorekodiwa sauti tayari. Dramu hakuna. Wazee hawakushtuka. Muziki wa Kikongo umewafunza subira: unaanza pole, mwimbaji analia na mapenzi yake, halafu waimbaji wananyamaza, magitaa yanashikana, na hapo ndipo sebene inapoanza na mabenchi yanabaki matupu. Kwa hiyo walikaa, wakasubiri sebene.

Dakika ya tano. “Tulieni, hawa bado wanapika.” Dakika ya kumi. Mwanamke akaanza kuimba bila neno hata moja. Wazee wakaweka vibuyu chini, mmoja akavua koti. Sasa inakuja! Haikuja. Dakika ya kumi na saba wimbo ukafifia, ukakatika, na yule mzee akabaki amesimama na koti mkononi.

Hapo mkwe akapata jibu. Zamani wimbo mrefu haukuenea kwenye santuri ndogo, ukakatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande wa A, ya pili upande wa B. Utamu mara nyingi ulikuwa nyuma. Basi mkwe akaichomoa flashi, akaigeuza chini juu, akajaribu kuirudisha. Haikuingia. Akaniangalia mimi. Nani atamwambia baba wa mkewe kwamba flashi haina upande wa B? Nilisema labda imeshika vumbi.

Zawadi ya mkwe hairudishwi, na mwenye kupewa naye hawezi kusema haimfai. Ikawa kila jioni Québec inalia mangweni, sisi wawili tukiheshimiana kwa mateso. Wateja wakaupa muziki ule jina, Sebene ya Kesho. Mzee wa koti alijaribu kuucheza mara moja, siku iliposhika bendi ya Sloche, ambayo dramu inazo tena za kutosha. Tatizo ni kwamba hesabu ya mapigo inabadilika njiani bila kuaga. Mguu wa kulia ulifika, wa kushoto ukakuta wimbo umehama. Walimkalisha, wakampa maji.

Aliyeupenda tangu mwanzo ni mgema. Yeye anausikilizia juu ya mnazi, na anasema ndio muziki pekee usiokatika kabla hajamaliza kazi: ukianza anapopanda, anashuka bado unaendelea.

Kijana alikuwa amenirushia nakala kwenye simu, nami kwa kutaka kujua nimeileta balaa gani nikaanza kufuatilia majina. Wimbo wa mawimbi ni wa kundi la Harmonium, kutoka albamu yao ya 1975 yenye nyimbo tano: nne za misimu minne ya kule, na wa tano wa msimu ambao haupo. (Sisi tuna kusi na kaskazi tu, na malalamiko hatuachi.) Kiongozi wao, Serge Fiori, alifariki tarehe 24 Juni 2025, siku yenyewe ya sikukuu ya Québec. Sloche walitoa albamu mbili, 1975 na 1976, kisha kimya. Pollen walitoa moja tu, 1976. Maneige wana filimbi na marimba, na kwa ajili ya marimba wazee waliwasamehe mengi.

Mwaka 1976 ulikuwa na jambo. Novemba ya mwaka huo chama cha René Lévesque, kilichotaka Québec ijitenge, kilishinda uchaguzi wa jimbo. Kuimba Kifaransa kwenye bara linaloongea zaidi Kiingereza kulikuwa nusu muziki nusu siasa. Mwaka huo huo Nairobi, wanamuziki waliotoka bendi ya Baba Gaston waliunda Les Mangelepa. Niliwaeleza wazee habari hii nikidhani itapoza hasira. Mmoja akasema: “Kwa hiyo walikuwa na mwaka mzima wa kujifunza kwa wenzao, na hawakujifunza.”

Kisha sabufa ikakodiwa matangani. Huku Pwani disko matanga imepigwa marufuku, kwa sababu ya watoto wa shule wanaorudi kutoka huko na mimba, na fununu zilikuwa zimemfikia mkubwa mmoja wa utawala. Alikuja usiku na vijana wake, tochi mbele. Walikuta Harmonium. Vijana wa kijiji walikuwa wamekaa mikono mashavuni, hakuna aliyenyanyua kiuno. Mkubwa alisimama, akasikiliza, akaangalia tarakimu nyekundu, akauliza wimbo unaisha lini. Hakuna aliyejua. Akasema hilo si disko, akatoa pole kwa wafiwa, akaondoka. Tangu siku hiyo mkwe anakodisha sabufa pamoja na flashi, na bei amepandisha.

Mimi sasa nausikiliza muziki huu kwa hiari, lakini kwa masikio ya simu, mke wangu akiwa ameshalala. Hukumu yangu ni hii: Harmonium ni wakubwa wao, Maneige wanafuata, Sloche ni kwa mwenye miguu iliyostaafu. Ukitaka kuanza, anza na ile ya misimu mitano. L'Heptade ya Harmonium, ya 1976, ni santuri mbili, inapita saa nzima, hivyo isubirishe mpaka simu ijae chaji na uwe huna safari. Na ukienda kujaziwa flashi, usimweleze kijana muziki ulivyo. Mtajie majina: Mangelepa, Mazembe, Samba Mapangala. Mwandikie kwenye karatasi, na umwombe aucheze wimbo wa kwanza hapo hapo dukani mpaka uisikie sebene.